Sproketi "inafaa CG zote" imegoma kuingia, muuzaji kagoma kurudisha pesa. Nani abebe hasara?

#1 Gia ya Nne
Wakuu, naleta mgogoro tuuchambue, maana pande zote mbili zinaongea kwa kujiamini.

Seti imenunuliwa mtandaoni: sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya nyuma meno 42, ya mbele meno 14, cheni ya saizi 428H yenye pingili 120. Tangazo linasema "inafaa CG125 na CG150, miaka yote", yaani pikipiki za aina ya CG za ujazo wa 125 na 150. Kabla ya kulipa mnunuzi alituma ujumbe akataja pikipiki yake, akajibiwa "inaingia bila shida".

Mzigo umefika. Sproketi ya mbele imekaa vizuri. Cheni imekatwa ikabaki pingili 112, sawa na ya zamani. Ya nyuma ndiyo yenye kesi: ukiingiza stadi moja (bolti iliyotokeza) ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, stadi ya mkabala wake inabaki nje ya tundu kwa kama milimita nne.

Muuzaji anakataa kwa hoja tatu: seti haigawanywi, cheni imeshakatwa, na kupima ni kazi ya mnunuzi. Msimamo wangu ni kwamba neno "miaka yote" ni ahadi, na ahadi ikivunjika pesa inarudi yote, cheni ikiwemo. Nawasilisha.

#2 Kiwese
Cheni iliyokatwa hairudi, sproketi irudi. Kesi imekwisha, leteni nyingine.

#3 Mzee wa Vernia
Haijaisha, tena haijaanza. Mleta mada hujatoa kipimo hata kimoja. "Kama milimita nne" ni makadirio ya macho, na muuzaji yeyote mjanja atakuuliza umepima na nini.

Leta hivi kwa sproketi zote mbili, mpya na ya zamani: kipenyo cha tundu la katikati, idadi ya matundu ya bolti na kipenyo chake, PCD, na unene wa jino. PCD ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote ya bolti. Kwa matundu manne au sita ni rahisi, pima kati ya matundu mawili yanayotazamana. Usikisie kitovu cha tundu. Weka taya moja ya vernia (kipimo chenye taya mbili) kwenye ukingo wa nje wa tundu la kwanza na nyingine kwenye ukingo wa ndani wa tundu la pili. Kama matundu yana kipenyo sawa, hicho ndicho kipimo cha kitovu kwa kitovu.

Kama vernia haifiki ng'ambo, pima matundu mawili jirani. Ya manne zidisha kwa 1.414. Ya sita zidisha kwa 2.

#4 Moshi Mweupe
Nyongeza: hata ya matundu matatu na matano zidisha kwa 1.414 hiyohiyo, tofauti ni ndogo.

#5 Mzee wa Vernia
@Moshi Mweupe hapo umechemka. Matundu matatu ni 1.155, matano ni 1.701. Kwa matano ukitumia 1.414, sproketi yenye PCD ya milimita 100 utaiandika 83. Kisha utaagiza ya 83, na uzi mwingine utafunguliwa hapa.

#6 Pingili
Kuhusu cheni: kwa nini ilikatwa kabla ya sproketi ya nyuma kujaribishwa? Mpangilio sahihi ni sproketi ya nyuma kwanza, halafu ya mbele, cheni mwisho. Cheni ndiyo kitu pekee kwenye seti hiyo ambacho hakirudi katika hali yake. Sproketi unaweza kuiweka kwenye stadi bila nati, ukaitazama, ukaifuta ikabaki mpya. Pingili nane ukishazitoa riveti, hakuna duka litakalozipokea.

Kuhesabu kwa kufuata cheni ya zamani nako kuna hatari, maana huenda aliyekutangulia aliifunga isiyo sahihi. Hesabu yenyewe si ngumu. Pima umbali kati ya ekseli ya nyuma na shafti ya sproketi ya mbele, gawanya kwa 12.7 upate pingili. Zidisha kwa mbili, ongeza nusu ya jumla ya meno ya sproketi zote mbili, kisha ongeza kama nusu pingili kwa ajili ya tofauti ya ukubwa wa sproketi. Mfano milimita 520: inakuja 40.9, mara mbili ni 81.9, ongeza 28 (yaani 14 na 42, nusu yake), ongeza 0.5. Jumla 110.4. Panda hadi namba shufwa inayofuata: 112. Kwa hiyo, kama umbali ni huo, fundi hakukosea idadi. Alikosea zamu.

#7 Gia ya Nne
@Pingili umbali unacheza hapohapo kwenye 520. Hesabu imekubali.

@Mzee wa Vernia vipimo vinakuja.

#8 Kabureta Chafu
Mimi nina shaka na 428H yenyewe. H ni nzito, haiingii kwenye sproketi ya 428 ya kawaida. Huenda seti nzima ni mchanganyiko.

#9 Pingili
Hapana mkuu. H inahusu unene wa sahani za pembeni. Hatua ya pingili ni ileile 12.7 mm na upana wa ndani ni uleule 7.94 mm, kwa hiyo sproketi ni ileile. Tofauti utaiona kwa nje tu: cheni inakuwa pana kidogo, na kwenye pikipiki yenye nafasi finyu inaweza kusugua kifuniko.

Wanaochanganya watu ni 420 na 428. Hatua ni sawa, upana wa ndani wa 420 ni 6.35. Sproketi ya 428 haiingii kabisa kwenye cheni ya 420, unagundua mapema na unarudisha. Kinyume chake ndicho kibaya: sproketi ya 420 inaingia kwenye cheni ya 428, inazunguka, mnunuzi anaridhika, halafu cheni inayumba kushoto na kulia na meno yanaliwa mashavu. Kufikia hapo muda wa kudai umeshapita.

#10 Risiti Tafadhali
Niongelee upande wa haki, maana naona kila mtu anashika spana.

Swali la msingi ni nani alichagua. Ukiagiza kwa namba au kipimo ("nipe 428 meno 42, PCD 90") na ukaletewa hichohicho, umechagua mwenyewe. Kisipoingia ni juu yako. Ukimwambia muuzaji "nina pikipiki fulani, nipe kinachoingia" akakujibu kinaingia, umetegemea utaalamu wake, na mzigo unahamia kwake. Tofauti hiyo ni ya siku nyingi. Imo kwenye kifungu cha 14 cha sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo makoloni mengi ya Waingereza yaliinakili. Kifungu kinasema mnunuzi akieleza matumizi na kutegemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa lazima ifae kwa matumizi hayo. Ila kikaongeza kwamba ukinunua kitu mahususi kwa jina lake la biashara, ulinzi huo haupo.

Hapa upo ujumbe wa kabla ya malipo. Ujumbe huo una uzito kuliko tangazo lenyewe.

#11 Kiwese
Tumefika 1893. Pikipiki zenyewe zilikuwa hazijaanza kuuzwa vizuri.

#12 Bi Karakana
@Risiti Tafadhali hiyo nyongeza ya jina la biashara Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 1973. Kwa sasa mnunuzi wa kawaida huko analindwa na sheria ya 2015, na ana siku 30 za kukataa bidhaa isiyofaa na kudai pesa yote. Umoja wa Ulaya nao una siku 14 za kughairi ununuzi wa mtandaoni hata bila sababu.

Ila hizo siku 14 watu huzisoma nusu. Gharama ya kurudisha kwa kawaida ni ya mnunuzi, na muuzaji anaruhusiwa kukata thamani iliyopungua kwa kushikwashikwa kupita kiasi cha kuikagua bidhaa. Kukata cheni kunapita kukagua. Kwa hiyo ukiacha hoja ya "haikufaa" ukakimbilia ya "nimeghairi", cheni umeipoteza kwa mdomo wako mwenyewe. Chagua hoja moja ushikilie hiyohiyo kwenye kila ujumbe.

#13 Moshi Mweupe
Kwani shida iko wapi? Chukua tupa ya duara, panua matundu milimita mbili kila upande, funga, endesha. Sproketi inashikwa na tundu la katikati, bolti zinabana tu.

#14 Mzee wa Vernia
Nusu ya maneno yako ni sahihi, ndiyo maana yana hatari. Kweli kinachoiweka sproketi katikati ni tundu kubwa kukaa kwenye bega la habu. Lakini sproketi ikiwa na matundu marefu, nguvu ya kuvuta haisukumi tena ukuta wa tundu, inashikwa na msuguano wa nati peke yake. Nati ikilegea kidogo sproketi inateleza mbele na nyuma kila ukiongeza na kupunguza gesi, na stadi inakatika.

Na kama tundu la katikati nalo ni kubwa kuliko bega, ndiyo mbaya zaidi. Sproketi inakaa pembeni ya kitovu, cheni inakaza upande mmoja na kulegea upande wa pili katika mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukiirekebisha pale penye kulegea, penye kukaza inavuta beringi ya shafti ya mbele.

#15 Risiti Tafadhali
Na tupa ikishagusa tu, madai yamekufa. Muuzaji atapiga picha ile alama ya tupa na hatahitaji hoja nyingine. Vilevile kukereza tundu la katikati, kusaga bamba la nyuma la pedi za breki, kukata waya na kubadilisha soketi. Kujaribisha na kurekebisha ni vitu viwili, na mpaka wake uko pale chuma kinapopungua.

#16 Gia ya Nne
Vipimo, vernia ya kidijitali:

Ya zamani: matundu 4, jirani kwa jirani 63.6 mm. Tundu la katikati 58.0.
Mpya: matundu 4, jirani kwa jirani 60.8 mm. Tundu la katikati 58.0.
Matundu ya bolti yana kipenyo sawa kwa zote. Unene wa jino hauna tofauti ya maana.

#17 Mzee wa Vernia
Safi. Ya zamani PCD ni 90, mpya ni 86. Milimita nne kweli, jicho lako si baya.

Sasa tundu la katikati kulingana kabisa ndiko kunakonivutia. Sproketi iliyotengenezwa kwa pikipiki tofauti kabisa kwa kawaida ingetofautiana na hapo pia. Hii inaonekana ni ya habu ya ukoo uleule, toleo jingine. Maana yake muuzaji hakutuma kitu cha ajabu. Alituma kitu kinachoingia kwenye baadhi ya CG, si zote.

#18 Habu Tupu
Au habu ndiyo si ya pikipiki hiyo. Mbona hakuna aliyeuliza? Gurudumu la nyuma hubadilishwa zima kila leo: rimu ikipinda mtu anafunga lililopo. Muuzaji anaweza kuwa amesema kweli kwamba inaingia CG zote *zilivyotoka kiwandani*.

Angalia vitu hivi. Kwanza, ndani ya ngoma ya breki: ngoma ya kipenyo cha milimita 110 kwa kawaida ina maandishi MAX 111, ya 130 ina MAX 131. Linganisha na kitabu cha pikipiki. Pili, spoki: urefu wake na unene wa mbele na nyuma ukitofautiana na kitabu, gurudumu lina asili nyingine. Tatu, vibati vya kurekebishia cheni: vikiwa vimesukumwa mwisho upande mmoja huku gurudumu limenyooka, upana wa habu una walakini.

#19 Bi Karakana
Naongeza la nne, namba ya injini. Jina "CG125" kwenye tenki halithibitishi kitu. Honda walitengeneza CG125 yao ya silinda 56.5 kwa 49.5 mm (kipenyo kwa mwendo wa pistoni), halafu viwanda vingi vikanakili ule muundo wa fito za kusukuma vali, kila kimoja kikavalisha fremu na magurudumu yake. Kilichonakiliwa ni injini. Habu haikuwa sehemu ya mkataba.

Injini nyingi za Kichina zina msimbo uliopigwa mhuri: 156FMI, 162FMJ na kadhalika. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda. Mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita, bila desimali. F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki. Herufi ya mwisho ni ujazo: H ni 110, I ni 125, J ni 150. Kwa hiyo 156FMI ni silinda moja ya 56.5, na 162FMJ ni moja ya 62. Mwambie mnunuzi asome yake.

#20 Gia ya Nne
Imesomwa: 162FMJ. Kwenye tenki pameandikwa 125.

#21 Kiwese
Haya sasa. Mshtakiwa ameanza kunusa hewa safi.

#22 Risiti Tafadhali
Sivyo. Tangazo linasema CG125 *na* CG150. Injini kuwa 150 hakumtoi muuzaji, kunamtoa kwenye mlango mmoja na kumwingiza kwenye mwingine.

#23 Habu Tupu
Kunamtoa, mkuu. Mnunuzi alitaja nini kwenye ujumbe? Kama aliandika "CG125 ya mwaka fulani" na pikipiki ni 150 yenye stika, basi taarifa aliyotoa haikuwa sahihi. Muuzaji alijibu swali aliloulizwa.

#24 Risiti Tafadhali
Na kama jibu la swali sahihi lingekuwa hilohilo? Tangazo lake linazijumuisha zote mbili. Hawezi kusema "ungetaja 150 ningekupa nyingine" wakati anayo hiyohiyo moja kwa zote.

#25 Vali Mbili
Mnasahau uwezekano wa tatu: boksi sahihi, kitu kisicho sahihi ndani. Kifungashio kina namba na idadi ya meno. Sproketi yenyewe huwa imepigwa mhuri pembeni, 428-42 na wakati mwingine alama ya kiwanda. Mleta mada linganisha. Namba ya boksi ikitofautiana na ya chuma, hakuna tena mjadala wa CG wala stika. Ni kosa la kupakia, na hata muuzaji ana wa kumdai.

#26 Gia ya Nne
Boksi lina namba ndefu pamoja na "428 42T". Chuma kina 42T tu, hakuna kingine. Hakuna PCD popote.

#27 Vali Mbili
Basi hapo ndipo pa kushika. Mtengenezaji anayetoa matoleo mawili ya PCD na kuyapiga mhuri mmoja amewaachia wote wawili giza. Muuzaji makini hupima sproketi moja kwa kila shehena na kuandika PCD na tundu la katikati kwenye tangazo. Dakika mbili za kazi. Tangazo lenye "inafaa zote" na lisilo na vipimo limeandikwa na mtu ambaye hajafungua boksi.

#28 Kabureta Chafu
Hapo tuko pamoja. Ndiyo maana napenda beringi: 6302 ni 15 kwa 42 kwa 13 (milimita za tundu, kipenyo cha nje na upana) dunia nzima, 6301 ni 12 kwa 37 kwa 12, hakuna cha miaka yote wala stika. Spea zingine zote zingeandikwa hivyo, uzi huu usingekuwepo.

#29 Pingili
Hata beringi mtu hukosea herufi za nyuma. 2RS ina mpira pande mbili, ZZ ina kibati, na C3 ina uwazi mkubwa zaidi kati ya gololi na njia yake. Zote zinaingia kwenye shimo moja. Ukiagiza 2RS ya gurudumu ukaletewa ya wazi, imeingia lakini haifai. Kuingia na kufaa si kitu kimoja.

#30 Spana Mkononi
Naomba kuuliza hapohapo: CDI (kifaa cha umeme kinachotoa cheche ya plagi) ya pini sita niliyoletewa inaingia kwenye soketi vizuri, pikipiki haiwaki. Nina haki ya kudai?

#31 Mzee wa Vernia
Soma #29 tena. Soketi kuingiliana hakusemi kitu. Kuna CDI za AC, zinazolishwa volti kubwa kutoka kwenye koili ya stata, na za DC zinazolishwa volti 12 za betri. Umbo la soketi linaweza kufanana. Ya AC ukiilisha 12 haitawaka, haitaharibika pia. Ya DC ukiilisha umeme wa koili inaungua. Kabla ya kuchomeka, chomoa soketi, washa swichi, pima waya wa kuingiza umeme: ukipata 12 tulivu, mfumo ni wa DC. Usipopata kitu, piga kiki huku mita ikiwa upande wa AC. Sindano au namba ikiruka juu, ni koili.

Kudai ni kugumu. Wauzaji wengi hawapokei vya umeme vilivyochomekwa, kwa kuwa hawawezi kujua kilitoka kikiwa kimeungua au kimeunguzwa. Fungua uzi wako, tusimzibie mwenzetu.

#32 Bi Karakana
Turudi kwenye pesa. Mleta mada, njia ya malipo ilikuwa ipi? Maana sheria ni ndefu, saa za mfumo wa malipo ni fupi.

PayPal: mgogoro unafunguliwa ndani ya siku 180 tangu kulipa. Baada ya kuufungua una siku 20 za kuupandisha kuwa dai rasmi, ukizembea unajifunga wenyewe, na ukifungwa haufunguki tena. Muuzaji anayekuambia "funga kwanza dai, nitakutumia pesa kesho" anaijua hiyo kanuni.

Kadi ya Visa: benki yako inaweza kupinga malipo chini ya kipengele 13.3, bidhaa isiyolingana na maelezo. Kwa kawaida ni siku 120. Watakuuliza kama ulirudisha au ulijaribu kurudisha, kwa hiyo lazima kuwe na ujumbe unaosema wazi "niko tayari kurudisha, nipe anwani". Usifungue njia mbili kwa wakati mmoja, moja huua nyingine.

#33 Gia ya Nne
Kadi. Wiki ya tatu sasa. Ujumbe wa "niko tayari kurudisha" haujaandikwa, kumekuwa na malumbano tu.

#34 Bi Karakana
Uandikwe leo, kwa maandishi, kwenye mfumo uleule wa duka. Mfupi: namba ya oda, kilichoahidiwa (nukuu tangazo na jibu lake), kipimo cha sproketi ya zamani na cha mpya, unachodai, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Bila matusi na bila historia ya familia.

Picha za kuambatanisha: lebo ya boksi, mhuri kwenye chuma, sproketi mbili zimelazwa juu ya nyingine zikilinganishwa tundu la katikati (tofauti ya matundu itaonekana yenyewe), vernia ikiwa kwenye kila moja namba zikisomeka, na sproketi mpya ikiwa kwenye stadi. Piga na picha ya ukurasa wa tangazo sasa hivi. Matangazo hurekebishwa usiku, "miaka yote" ikageuka "baadhi ya miaka".

#35 Habu Tupu
Na picha ya 162FMJ je? Au hiyo tunaificha?

#36 Risiti Tafadhali
Haifichwi, wala haitangulizwi. Tangazo linaitaja CG150. Akiuliza, apewe.

#37 Habu Tupu
Basi mpe na picha ya ngoma ya breki, maana bado hatujajua kama habu ni ya kwake. Mleta mada umeruka swali langu la #18.

#38 Gia ya Nne
Ngoma ina MAX 131. Kitabu hakipo.

#39 Mzee wa Vernia
Ngoma ya 130. Haithibitishi kubadilishwa, kuna nakala zilizotoka kiwandani na 130 na kuna zilizotoka na 110. Ila inaeleza PCD: ngoma kubwa na duara pana la stadi huenda pamoja mara nyingi. Ningekuwa muuzaji ningeuliza "ngoma yako ni 110 au 130?" kabla ya kujibu lolote. Swali moja lingetosha.

#40 Vali Mbili
Namba ya chesisi ingesaidia kujua mwaka. Herufi ya kumi ndiyo mwaka: H ni 2017, J 2018, K 2019, L 2020.

#41 Bi Karakana
Kwa Amerika Kaskazini ni lazima. Kwingine mtengenezaji hafungwi kuweka mwaka hapo, wengine huweka sufuri au kitu chao. Itumie kama dalili.

#42 Gia ya Nne
Muuzaji amejibu baada ya kutumiwa picha. Anatoa chaguo mbili: arudishe nusu ya bei ya seti na vitu vibaki, au atume sproketi nyingine ya PCD 90 bure, ya kwanza irudishwe kwa gharama ya mnunuzi. Pesa yote hataki kusikia.

#43 Pingili
Chukua sproketi. Cheni imeshakatwa kwa kipimo sahihi, ya mbele imeshaingia. Sproketi ya PCD 90 yenye meno 42 inakamilisha seti. Hakikisha ni 42. Akituma 45 kwa kuwa ndiyo anayo, hesabu inakuja karibu 112 kamili, ekseli itakaa mwanzo kabisa wa nafasi yake na hutapata ulegevu wa kutosha.

#44 Kiwese
Kwa hiyo ana ya PCD 90. Alijuaje kuna ya 90 kama zote ni sawa?

#45 Risiti Tafadhali
@Kiwese leo umesema neno. Hilo jibu lake lihifadhiwe, linakiri kwamba kuna matoleo mawili na tangazo lilitaja moja. Kwa msingi huo gharama ya kurudisha si ya mnunuzi. Mimi ningekataa zote mbili nidai yote.

#46 Habu Tupu
Kadai yote, benki ikakute na cheni iliyokatwa na stika ya 125 kwenye injini ya 150. Nusu ya pesa mkononi, pamoja na sproketi ya mbele na cheni zinazotumika, ni zaidi ya nusu ya thamani. Piga hesabu ya kitu kimojakimoja: kwenye seti nyingi cheni ndiyo ghali kuliko zote.

#47 Bi Karakana
Lolote litakalochaguliwa, dai lisifungwe hadi kitu kifike na kijaribishwe kwenye stadi. Na kabla ya kukubali atume nyingine, aombwe picha ya hiyo ya pili ikiwa na vernia juu yake: jirani kwa jirani isome 63.6, katikati 58.0. Akishindwa kupiga picha hiyo, hana sproketi, ana boksi lingine.

#48 Spana Mkononi
Nimepima, nimepata 12 tulivu. CDI imeandikwa AC nyuma, maandishi madogo kweli. Tangazo halikutaja.

#49 Mzee wa Vernia
Basi haijaungua. Futa soketi, irudishe kwenye mfuko wake, andika ujumbe kama wa #34. Na fungua uzi wako.